Namna ya Kutafiti Upatikanaji wa Huduma za Afya Vijijini Dodoma: Mwongozo Kamili Kuanzia Kwenye Kaya

Ripoti nyingi za wanafunzi na watafiti wanaoanza kuhusu huduma za afya vijijini huharibika mahali pamoja. Mtafiti hufika hospitalini asubuhi, huketi kwenye benchi la wagonjwa wa nje, huwahoji waliokuja kutibiwa, kisha hurudi chuoni na kuandika kwamba wananchi wengi wanapata huduma na wameridhika nazo. Aliowahoji ni wale waliofanikiwa kufika. Mama aliyeshindwa kuvuka korongo lililojaa maji, mzee aliyekosa nauli ya bodaboda, na kaya iliyokata tamaa ikaamua kununua vidonge dukani, wote hawakuwapo kwenye benchi hilo, kwa hiyo hawamo ndani ya ripoti.

Mwongozo huu unaanzia kwenye kaya na kuishia hospitalini. Umeandikwa kwa kuzingatia mazingira ya Mkoa wa Dodoma, yaani wilaya za Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa, Kongwa na Mpwapwa pamoja na vijiji vya pembezoni mwa Jiji, ingawa mtafiti wa Singida naye ataona mambo mengi yanafanana.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Pendekezo la utafiti lenye swali moja kuu linaloweza kujibiwa.
- Kibali cha maadili ya utafiti na barua za utambulisho, kila moja ikiwa na nakala za kutosha.
- Simu za Android zenye programu ya kukusanyia data isiyohitaji mtandao muda wote, kwa mfano KoboToolbox au ODK, pamoja na betri za akiba za kuchajia.
- Madodoso machache yaliyochapishwa, kwa ajili ya siku ambayo simu zitagoma.
- Idadi ya watu ya kila kijiji kutoka Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, ambayo iliuhesabia Mkoa wa Dodoma watu 3,085,625.
- Orodha ya vituo vyote vinavyohudumia eneo lako, vya serikali, vya mashirika ya dini na vya binafsi, pamoja na maduka ya dawa muhimu.
- Wadadisi wanaozungumza lugha ya mahali husika.
- Fedha ya usafiri wa kurudi kijijini mara ya pili. Wengi huisahau, na wakishaisahau hawana tena namna ya kusahihisha makosa.

## Hatua ya 1: Punguza swali hadi lipimike

Neno "upatikanaji" ni pana mno. Zahanati inaweza kuwa karibu na ikakosa dawa, dawa zikawapo na mgonjwa akakosa fedha, au vyote vikawapo na bado mama asiende kwa sababu mara ya mwisho alitukanwa. Chagua ugonjwa au huduma moja au mbili, kama vile homa ya mtoto wa chini ya miaka 5 au kujifungua, kisha fuatilia safari nzima ya huduma hiyo.

Mfano unaosaidia sana ni ule wa ucheleweshaji wa aina tatu, uliotolewa mwaka 1994 na Sereen Thaddeus na Deborah Maine walipochunguza vifo vya uzazi. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua kutafuta huduma, wa pili ni kuchelewa kufika, na wa tatu ni kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kila swali la dodoso lako liwe na mahali pake katika mojawapo ya hizo tatu. Lisilo na mahali liondolewe.

Utajua umefanikiwa pale utakapoweza kumweleza mwenyekiti wa kitongoji kwa sentensi moja unachotafuta, naye akakuelewa bila kukuuliza mara ya pili.

## Hatua ya 2: Fuata ngazi za vibali

Anza na kamati ya maadili ya chuo au taasisi yako. Kama utafiti wako unahitaji kibali cha taifa, kinatolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR. Baada ya hapo barua hushuka kwa mpangilio: Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, Mkurugenzi wa Halmashauri, Mganga Mkuu wa Wilaya, Mtendaji wa Kata, Mtendaji wa Kijiji, hatimaye mwenyekiti wa kitongoji. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini ya halmashauri, na ndiyo maana barua ya Mkurugenzi ina uzito mkubwa kwa mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo.

Tenga angalau miezi miwili kwa kazi hii. Usikusanye hata dodoso moja kabla ya kibali cha maadili, kwa kuwa data hiyo haitatumika kihalali. Kumbuka pia kwamba taarifa za ugonjwa wa mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: majina yatunzwe mbali na majibu, na simu za wadadisi ziwekewe nywila.

## Hatua ya 3: Chagua msimu kwa makusudi

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili. Wanafunzi wengi hutoka kwenda vijijini kati ya Julai na Septemba kwa sababu ndio muda wa likizo, na huo ndio muda ambao barabara ni kavu, makorongo yanapitika kwa miguu, alizeti na mtama vimeshavunwa, na kaya ina kitu cha kuuza. Picha inayopatikana wakati huo ndiyo nzuri kuliko zote za mwaka. Mwezi Februari katika kijiji hichohicho watu wako mashambani, akiba ya chakula imepungua, fedha hakuna, na pikipiki haivuki.

Kama huwezi kwenda misimu miwili, nenda mmoja, lakini ongeza maswali yanayohusu masika na utaje wazi ndani ya ripoti msimu uliokusanyia data. Swali linalofanya kazi vizuri ni hili: "Mvua ikinyesha usiku na mtoto akazidiwa, mnapita wapi?" Halina jibu la ndiyo au hapana, na mtu hulijibu kwa kunyoosha mkono kuonyesha njia.

## Hatua ya 4: Tafuta kaya, pamoja na zile zisizo kwenye orodha

Kwa kuwa hujui ni kiwango gani cha watu wanaopata huduma, anza na makadirio ya asilimia 50. Kwa kiwango cha kuaminika cha asilimia 95 na ukingo wa makosa wa asilimia 5, hesabu inakupa kaya 385. Kwa sababu utachagua vitongoji kwanza, ndipo uchague kaya ndani yake, na kaya za kitongoji kimoja hufanana, zidisha kwa 1.5 upate takribani 577. Weka nafasi ya watakaokosekana, asilimia 10, kwa kugawanya kwa 0.9, na sampuli yako inakuwa kaya 641.

Hesabu ni rahisi. Ugumu uko kwenye orodha. Daftari la mwenyekiti mara nyingi huacha wafugaji waliohamia karibuni, vibarua wanaoishi shambani kwa msimu, wajane waliorudi kwa wazazi wao, na kaya zilizo mwisho kabisa wa kijiji. Hao ndio walio mbali zaidi na huduma. Tumia siku nzima kutembea na mwenyekiti kutoka mpaka hadi mpaka, ukiandika kila nyumba unayoiona, ndipo uchague kaya kwa bahati nasibu.

Onyo. Usikubali kuchaguliwa kaya na mwenyeji wako, hata kwa nia njema. Utapelekwa kwenye nyumba za bati zilizo kando ya barabara.

Utajua umefanikiwa ikiwa orodha yako mpya ni ndefu kuliko ile uliyopewa. Ikilingana nayo kabisa, tembea tena.

## Hatua ya 5: Andaa maswali yanayofuata nyayo za mgonjwa

Hapa ndipo utafiti unaposimama au kuanguka. Swali "Je, mnapata huduma za afya?" litajibiwa "ndiyo" na karibu kila mtu, kwa heshima au kwa kutotaka maneno. Uliza kuhusu tukio lililotokea, ndani ya muda ambao watu wanaukumbuka: siku 14 zilizopita kwa magonjwa ya kawaida, miezi 12 kwa kulazwa.

Anza hivi: "Katika siku 14 zilizopita, nani katika kaya hii aliumwa au aliumia?" Taja kila mwanakaya kwa zamu, mmoja baada ya mwingine. Kisha: "Mlifanya nini kwanza?" Akikujibu, uliza "Halafu?" na uendelee kuuliza hivyo mpaka safari iishe. Utakuta mtoto aliyeanza kwa vidonge vilivyobaki nyumbani, akapelekwa duka la dawa, akaenda kwa mganga wa kienyeji, na siku ya tano ndipo akafikishwa zahanati. Anayeuliza "Mlikwenda wapi kutibiwa?" atapata neno moja tu, "zahanati", na siku nne zitakuwa zimepotea.

Jihadhari na majina ya magonjwa. Kwa wazee wengi, homa na degedege ni magonjwa mawili yasiyohusiana: la kwanza ni la hospitali, la pili ni la kwa mganga wa kienyeji. Andika neno alilotumia mhojiwa mwenyewe, pamoja na dalili alizoziona, bila kulitafsiri papo hapo.

Jihadhari pia na ugonjwa uliozoeleka. Katika kijiji kimoja cha Bahi nilimsikia mama akimwambia mdadisi kwamba hakuna aliyeumwa, huku amempakata mtoto ambaye macho yake yalikuwa mekundu, kope zimegandamana kwa tongotongo na nzi wametua pembeni. Mdadisi alipouliza kuhusu macho, mama akajibu kwa utulivu, "Hayo ni macho tu, watoto wote wako hivyo." Vikope vimesumbua mkoa huu muda mrefu, na Kongwa imekuwa mahali pa tafiti za ugonjwa huo kwa miongo kadhaa, hata hivyo dodoso letu lilikuwa tayari kuandika "hakuna mgonjwa". Tangu siku hiyo naweka orodha fupi ya kusomwa kwa sauti: macho, masikio, kikohozi, kuharisha, vidonda, maumivu ya mgongo, meno.

Kuhusu gharama, usiridhike na fedha iliyolipwa dirishani. Uliza nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha msindikizaji, vifaa vilivyoagizwa kununuliwa nje, na siku za kazi zilizopotea. Kisha uliza: "Hiyo fedha mliipata wapi?" Kaya iliyouza mbuzi wa pekee au debe la mbegu haifanani na kaya iliyotoa fedha mfukoni, hata kama kiasi ni kilekile. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha wa malipo kisera, kwa hiyo waulize hasa hao walilipa nini siku ile.

Kuhusu bima, omba kuiona kadi. Kwa miaka kadhaa CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilichangiwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6, na mwaka 2023 ikapitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mwenye kadi iliyokwisha muda na mwenye kadi hai wote watakujibu "tunayo".

## Hatua ya 6: Fundisha wadadisi, kisha jaribu

Tenga siku tano, nusu yake ikiwa ya mazoezi. Wanawake wahoji wanawake kuhusu uzazi. Panapozungumzwa Kigogo, Kirangi, Kisandawe au Kiburunge, awepo mdadisi anayekizungumza, na maswali magumu yatafsiriwe na kuafikiwa mapema ili kila mtu asijitungie tafsiri yake. Mdadisi anayeingia kwa "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, kabla ya kutoa karatasi husikilizwa tofauti na anayeanza na simu mkononi.

Onyo. Usiongozane na mtumishi wa zahanati wala mhudumu wa afya ngazi ya jamii wakati wa mahojiano. Hakuna mama atakayesema mbele ya muuguzi kwamba alifokewa akiwa na uchungu wa kuzaa.

Fanya jaribio katika kijiji kisichokuwa kwenye sampuli. Swali linalorudiwa zaidi ya mara moja kabla ya kueleweka liandikwe upya usiku huohuo.

## Hatua ya 7: Pima njia, usipime ramani

Mstari mnyoofu kwenye ramani hudanganya. Kipimo cha kilomita 5 hutumika sana kwa sababu ni takribani saa moja ya kutembea kwa mtu mzima mwenye afya, mahali tambarare. Mjamzito wa miezi minane, au mama aliyebeba mtoto mgonjwa katika mchanga wa korongo, si mtu huyo.

Chagua kaya tatu za mbali katika kila kijiji, utembee nazo mpaka zahanati simu ikirekodi njia na muda. Weka alama mahali pa kuvukia mito na makorongo. Uliza pia gharama ya bodaboda mchana, usiku na wakati wa mvua, kwa sababu ni bei tatu tofauti. Kwa wajawazito na watoto wachanga, uliza kama wanaijua namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, kama kuna mtandao wa simu pale walipo, na kama waliwahi kuipiga gari likaja baada ya muda gani.

Fanya vivyo hivyo kwa rufaa: kutoka zahanati hadi kituo cha afya, hadi hospitali ya wilaya, na kutoka hapo hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa. Usiache hospitali za mashirika ya dini kama ile ya Mvumi wilayani Chamwino, kwa kuwa kwa vijiji vingi hiyo ndiyo hospitali yenyewe.

## Hatua ya 8: Sasa nenda kituoni, na usome vitabu

Ukifika zahanati baada ya kuzungumza na kaya, utajua cha kutafuta. Mwone mganga mfawidhi kwanza, mweleze kwamba hukuja kumkagua, na umsikilize, kwa sababu mara nyingi naye ana orodha ndefu ya mambo aliyoyaomba bila kuyapata.

Vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za mfumo wa taarifa za huduma za afya, vinaonyesha anakotoka mgonjwa. Hesabu mahudhurio ya mwaka kwa kila kijiji, kisha gawanya kwa idadi ya watu. Tuseme kijiji chenye watu 2,400 kimeleta mahudhurio 600, na kingine chenye watu 2,600 kimeleta 130. Cha kwanza kina mahudhurio 250 kwa kila watu 1,000, cha pili 50. Anayeona takwimu hizi peke yake anaweza kudhani kijiji cha pili kina afya njema. Aliyetembea njia yake anajua sababu.

Kuhusu dawa, usiulize tu kama dawa ipo leo. Fungua leja. Tafuta mahali ambapo safu ya salio inasoma sifuri, andika tarehe hiyo, kisha shuka hadi mzigo mpya kutoka Bohari ya Dawa ulipoingizwa. Kama amoksilini ya watoto iliisha tarehe 6 Machi na ikaingia tena tarehe 29, hizo ni siku 23 bila dawa kati ya siku 90 za robo ya kwanza ya mwaka, zaidi ya robo ya muda wote, hata kama siku ya ziara yako rafu imejaa. Fanya hivyo kwa dawa kama kumi zilizochaguliwa mapema na zile zile katika vituo vyote.

Onyo. Usipige picha kurasa zenye majina ya wagonjwa. Nakili idadi tu.

## Hatua ya 9: Changanua kwa kuanzia na wagonjwa wote

Kosa la mwisho ni la hesabu: kugawanya kwa idadi isiyo sahihi. Chukua mfano huu wa kubuni. Katika kaya 641 umepata wagonjwa 300. Kati yao 240 walitafuta msaada wowote, 150 walifika kituo cha afya au zahanati, 141 walionwa na mtoa huduma, na 84 walipata dawa zote walizoandikiwa.

Ripoti ya benchi la hospitali itaandika kwamba asilimia 94 walihudumiwa, yaani 141 kati ya 150. Ripoti inayoanzia kwenye kaya itaandika kwamba ni asilimia 28 ya wagonjwa waliopata huduma na dawa kamili, yaani 84 kati ya 300, na itaonyesha wengine walipotelea wapi: 60 nyumbani, 90 madukani na kwa waganga, 9 kwenye foleni, na 57 kwenye dirisha la dawa. Kila kundi lina tiba yake. Barabara haiponyi upungufu wa dawa, wala dawa haimsaidii asiyeweza kufika. Gawanya matokeo hayo kwa umbali, kwa uwezo wa kaya na kwa msimu, kabla ya kugusa mbinu nyingine yoyote ngumu ya takwimu.

## Hatua ya 10: Rudisha matokeo yakaguliwe

Andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Mpe kwanza mganga mfawidhi ausome faraghani, kisha omba nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria hufanyika kila baada ya miezi 3. Bandika ramani ya njia ukutani na ueleze takwimu moja baada ya nyingine bila kutaja kaya ya mtu.

Utajua kazi imefika mahali pake pale wanakijiji watakapoanza kukusahihisha: mmoja atasema korongo lile lina kivuko kingine upande wa juu, mwingine atataja mtaa ulioachwa. Andika masahihisho hayo papo hapo kwa kalamu juu ya ramani, yaingize kwenye ripoti ya mwisho, kisha mwachie Mtendaji wa Kijiji nakala iliyosahihishwa na umpelekee Mganga Mkuu wa Wilaya nyingine kama hiyo.